Watu walihama, namba zisihame



Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya mihogo sokoni Sange. Ninaleta kosa langu mwenyewe. Nimekaa nalo miezi kadhaa, na baadhi yenu mnalijua kwa kuwa liliwagusa. Ukilitazama kwenye kompyuta ni kosa dogo mno: sifuri moja niliyoiandika mahali palipohitaji tarakimu nyingine. Kwa sifuri hiyo, baba mmoja wa hapa kwetu alivuka mpaka kwenda kumchukua binti yake, akafika akamkuta mtoto wa mtu mwingine.

Niseme mambo kwa utaratibu.

Mnakumbuka Februari 2025. Bukavu ilipoanguka katikati ya mwezi ule na vita vikashuka hadi Kamanyola, uwanda wa Ruzizi wote uliinuka. Luvungi, Luberizi, Mutarule, Sange, kila mtu alibeba alichoweza. Wengine walifuata barabara ya taifa namba 5 kushuka Uvira, na wengine wakaendelea kandokando ya ziwa kuelekea Baraka na Fizi. Wengine walivuka mto Ruzizi wakaingia Burundi, na maelfu yao wakawekwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, wakilala humo humo.

Familia nyingi zilikatika njiani. Ni usiku, kuna risasi, kuna mizigo. Mama anamshika huyu mkono, yule anafuatana na jirani, kukipambazuka ukihesabu unakuta mmoja hayupo. Watu wakaanza kuja kwenye redio yetu ya jamii, na kwetu sisi waandishi wa vijijini, wakileta matangazo ya kutafutana. Jioni yalisomwa hewani. Usiku mimi niliyaweka kwenye ukurasa mmoja wa intaneti, ili walio mbali, hata waliovuka Burundi, wayaone kwa simu.

Kila tangazo tulilipa namba. Kwanza, majina yanafanana: katika orodha ile walikuwemo akina Amani wanne na akina Furaha watatu. Pili, usalama: si vizuri kutaja hewani jina kamili la mtoto aliye peke yake, wala mahali anapolala mama yake. Tatu, namba inashikika. Bibi asiyejua kusoma anaikariri. Mwenye kalamu anaiandika kiganjani. Nimeona mama mmoja ameichora kwa mkaa kwenye ndoo yake ya maji.

"Tangazo namba 47," msomaji wa redio alisema jioni ya kwanza. "Mama wa Mutarule anamtafuta mtoto wa kiume wa miaka 9. Alivaa shati la shule." Mwenye habari alitakiwa kupiga simu na kusema tu, "Ninaita kwa ajili ya 47." Sisi tungefungua ukurasa, tungeona simu ya mama iliyofichwa upande wetu, tungewaunganisha.

Sasa, ukurasa wa intaneti huandikwa kwa HTML. Kila kitu kinachoonekana kimefungwa ndani ya tagi, yaani alama zenye mabano ya pembe. Tangazo moja katika orodha huanza kwa <li> na kuishia kwa </li>. Ukiwa na matangazo 63, una <li> 63 zinazofanana kabisa, kama magunia ya mpunga ya mkulima mmoja. Hakuna linalojua kama ni la kwanza au la mwisho. Ili simu iruke moja kwa moja hadi tangazo la 47, ile <li> yake lazima ipewe kitambulisho, kwa mfano <li id="t47">, na sheria ya HTML ni kwamba kitambulisho kimoja kisirudiwe mara mbili kwenye ukurasa uleule.

Usiku wa kwanza niliandika vitambulisho kwa mkono, moja moja, betri ya sola ikielekea kufa na mbu wakinila miguu. Nilipomaliza nikahakiki: 29 haikuwepo, na 38 zilikuwa mbili.

Kijana mmoja wa Uvira aliyesoma informatiki, ambaye namwita mdogo wangu ingawa hatuna undugu wa damu, alicheka nilipomweleza.

"Kaka, kazi hiyo haifanywi kwa mkono. Tumia rejeksi."

Rejeksi ni namna ya kuieleza kompyuta sura ya maandishi unayoyatafuta. Ifikirie kama askari wa barieri aliyeambiwa: simamisha kila pikipiki nyekundu. Haulizi mwenye pikipiki ni nani wala anakwenda wapi. Anatazama sura tu. Inayofanana inasimama, isiyofanana inapita. Ukimweleza vibaya, atasimamisha hata asiyehusika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Stephen Kleene, aliliandika mwaka 1951 alipokuwa akitafuta kueleza kwa hesabu jinsi mtandao wa neva unavyoweza kufanya kazi. Mwaka 1968 mwenzake wa fani ya kompyuta, Ken Thompson, alionyesha jinsi ya kulitumia kutafuta maneno ndani ya maandishi. Leo karibu kila lugha ya kuandikia programu inalo. Mimi nilitumia JavaScript, kwa kuwa ipo tayari ndani ya kivinjari na haikunidai uniti za kupakua chochote.

Nilitaka jambo rahisi: kila penye <li>, badilisha uweke <li id="t1">, inayofuata t2, inayofuata t3, hadi mwisho. Nilikosea mara tatu kabla ya kupata, na ninayaeleza makosa hayo kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza.

Mara ya kwanza ilibadilika moja tu. Nilisahau herufi g inayowekwa mwishoni mwa kigezo. Herufi hiyo ndiyo inayosema: usiishie kwenye ya kwanza, endelea hadi mwisho.

Mara ya pili zote 63 zikawa t1. Hapo nilikaa muda mrefu nikijiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandika maneno ya kubadilishia pamoja na hesabu ya kuongeza moja, nikidhani hesabu itafanywa upya kwa kila tagi. Sivyo. Kompyuta huandaa maneno ya kubadilishia mara moja tu, kabla haijaanza kutafuta. Ilikuwa kama imeshika muhuri mmoja mkononi, ikawagongea wote muhuri uleule.

Mara ya tatu nilifupisha kigezo nikaandika <li bila ile alama ya kufungia. Nikasahau kwamba juu kabisa ya ukurasa kuna tagi nyingine, <link>, inayoita faili la rangi na mapambo. Askari wangu akaona herufi za <li, akaisimamisha, akaigongea muhuri katikati ya neno. Ukurasa ukapoteza rangi zote, na tangazo letu la kwanza likaanza na namba 2.

Mdogo wangu akanionyesha dawa. Badala ya kuipa kompyuta muhuri uliokwisha andikwa, unaipa kazi ya kufanya kila inaposimamisha tagi. Kila ikipata moja, inaifanya kazi hiyo upya:

let n = 0;
ukurasa = ukurasa.replace(/<li>/g, function () {
  n = n + 1;
  return '<li id="t' + n + '">';
});

Maana yake: anza na sifuri mkononi. Tafuta <li> kamili, zote. Kila ukiipata, ongeza moja kwenye ulicho nacho mkononi, kisha rudisha tagi ileile ikiwa na namba hiyo. Ya kwanza inapata t1, ya pili t2, ya 63 inapata t63. Haikuchukua hata sekunde. Hakuna iliyorukwa, hakuna iliyorudiwa. Nilifurahi kama mtu aliyevuta wavu ukaja umejaa ndagala.

Furaha ile ndiyo iliyonipofusha.

Faili langu la asili, lile lisilo na namba, nililiweka kwenye flashi. Juma la pili habari njema zilikuja: familia tatu zilikuwa zimeonana. Yalikuwa matangazo namba 12, 30 na 41. Nikayafuta kwenye faili la asili. Mapya matano yakaja, nikayaongeza chini. Nikaendesha programu yangu tena, kuanzia sifuri, ikahesabu vizuri kabisa kutoka 1 hadi 65. Nikapeleka redioni orodha mpya, nikaenda kulala.

Mmekwisha ona kilichotokea. Mimi sikuona. Nilipofuta 12, yote yaliyokuwa chini yake yalipanda hatua moja. Nilipofuta 30, yaliyokuwa chini yalipanda mbili. Baada ya 41, hatua tatu. Yule mama wa Mutarule mwenye 47 sasa alikuwa 44. Na 47 akawa mtu mwingine: baba mmoja, wa Mutarule vilevile, aliyekuwa namba 50, akimtafuta binti yake wa miaka 11.

Mama huyo aliisikiliza redio jioni ile kwa jirani. Alingoja 47. Ikasomwa 47, akasikia ni mtoto wa kike. Aliniambia baadaye kwamba alielewa jambo moja tu: tumemtoa mwanawe kwenye orodha kwa sababu tumepata habari ya kifo chake, na hakuna mwenye ujasiri wa kuja kumwambia. Hakuja kuuliza. Alikaa na msiba huo siku tisa, peke yake, akiwa bado anapika na kuwaogesha wadogo zake mtoto huyo.

Siku hizo hizo simu ikalia redioni kutoka ng'ambo. Mwanamke mmoja aliyekuwa Rugombo, uwanjani, alikuwa ameandika namba aliyoisikia juma la kwanza. Mawimbi ya redio hayaombi ruhusa mtoni. Alisema maneno machache kwa kuwa uniti zilikuwa zinamwishia: "Mtoto wa tangazo 47 yuko nasi, hajambo." Mwenzetu aliyepokea akafungua ukurasa, akatazama 47, akampigia baba.

Sina haja ya kuwaeleza furaha ya mzazi. Baba yule alikopa pesa, akashonesha gauni la kitenge kwa haraka mjini Uvira, akapita Kavimvira, akavuka kuingia Gatumba, akapanda gari hadi Cibitoke. Akafika uwanjani, akauliza, akaelekezwa. Akaletewa mtoto wa kiume mwenye shati la shule.

Aliporudi hakwenda redioni kugomba. Alikuja nyumbani kwangu jioni, na lile gauni likiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpa kiti. Nilitaka kueleza habari ya programu na mistari, ulimi ukawa mzito.

"Mwanangu," akasema, "yule mtoto si wangu, lakini ni wa hapa. Nilimwuliza, akanitajia mama yake na shule yake. Mwambieni mama yake asilie."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Sisi wa Mutarule tulikwisha hesabiwa. Mnakumbuka?"

Nani asiyekumbuka? Usiku wa 6 Juni 2014 washambuliaji waliingia kijijini mwetu na kuua watu, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Human Rights Watch iliandika baadaye kwamba waliouawa walikuwa angalau 30. Hesabu nyingine zilipita hapo. Siku zile ulikuwa unafungua redio asubuhi unasikia namba moja, jioni nyingine, kesho yake nyingine. Kwa msikilizaji wa mbali tofauti ya watu watatu au wanne ni kitu kidogo. Kwetu kila aliyeongezwa au kupunguzwa alikuwa na nyumba, na nyumba hiyo tunaijua mlango wake.

"Siku zile," baba aliendelea, "kila aliyekuja na karatasi alianza kuhesabu upya kutoka moja. Leo ndugu yangu ni wa tano, kesho ni wa kumi na nane. Mwisho sikujua kama bado yumo. Ukimpa mtu namba, mwanangu, umempa. Usimpe mwingine."

Usiku ule sikulala. Niliifungua kompyuta nikaitazama ile mistari mitano. Ilikuwa sahihi kabisa. Programu ilifanya nilichoiambia bila kosa hata moja. Niliiambia ihesabu nafasi katika foleni, nayo ilihesabu nafasi. Mimi nilidhani inahesabu watu. Nafasi katika foleni hubadilika kila mmoja akiondoka. Mtu habadiliki kuwa mwingine kwa sababu aliyekuwa mbele yake ameondoka.

Msomaji anayejua HTML anaweza kuniuliza: kwa nini ulihangaika na rejeksi, wakati kuna orodha ya <ol> inayojiwekea namba yenyewe? Ndiyo, ipo, na ni nzuri kwa hatua za kupika sombe. Ukifuta hatua ya tatu, ya nne inakuwa ya tatu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ina ugonjwa uleule uliotuuma: namba ni ya nafasi, haijaandikwa juu ya mtu. Haifai kwa jina la mtoto anayetafutwa.

Dawa ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Tazameni tena kile kigezo: <li> kamili, imefungwa papo hapo, bila kitu ndani. Tagi iliyokwisha pata kitambulisho, kama <li id="t47">, haina sura hiyo tena, kwa kuwa baada ya herufi za li kuna nafasi na maneno mengine. Maana yake ni kwamba askari wangu wa barieri, bila kubadilishiwa hata herufi moja ya agizo, anawaacha wenye kitambulisho wapite na kuwasimamisha wasio nacho tu. Kazi yote ilikuwa tayari humo. Kilichoharibu ni mimi kurudi kila mara kwenye faili tupu la kwenye flashi, na ile sifuri.

Kwa hiyo nilifanya mambo manne.

La kwanza, nilichukua ile orodha ya juma la kwanza, yenye namba zilizotangazwa mwanzo, nikaifanya ndiyo asili. Faili tupu nililifuta ili nisishawishike tena.

La pili, tangazo lililomalizika halifutwi. Maneno yake yanaondolewa, simu inaondolewa, na mahali pake panaandikwa neno moja: Wameonana. Mstari unabaki na namba yake. Ukifungua ukurasa leo utaona 12, 30 na 41 zimekaa mahali pake, na ninaona raha kuzitazama.

La tatu, sifuri iliondoka. Namba 63 za kwanza zilirudi kwa wenyewe, na wale watano wa juma la pili wakapata 64 hadi 68. Kuanzia hapo mstari wa kwanza wa programu ukawa let n = 68, na kila baada ya kazi ninaandika pale namba kubwa mpya iliyofikiwa. Mdogo wangu alinionyesha kwamba rejeksi nyingine inaweza kuitafuta yenyewe namba kubwa ndani ya ukurasa, na inafanya hivyo vizuri. Lakini nimeiandika pia kwenye daftari la karatasi, kwa sababu mstari wa mwisho ukifutwa kwa bahati mbaya, ukurasa hauwezi kukumbuka kitu ambacho hakimo tena, na namba yake ingepewa mtu mwingine. Daftari halihitaji sola.

La nne halikuwa la kompyuta. Tulipanga jedwali la safu mbili: namba mbaya ya juma la pili upande huu, namba halisi upande ule, kuanzia 12 hadi 65. Redio ililisoma jioni tatu mfululizo, na mimi nilikwenda kwa miguu kwa wale ambao ningeweza kuwafikia.

Nilianza na mama wa 47. Nilimkuta akichambua mihogo. Aliponiona nimesimama mlangoni bila kusema, aliketi chini kabisa, maana alidhani nimeleta ile habari aliyokuwa akiingoja siku tisa. Ilinibidi niseme haraka, bila utangulizi: "Mama, mtoto yuko hai. Yuko Burundi. Kosa ni letu." Hakunijibu. Alichukua mhogo uliokuwa mkononi mwake akaendelea kuuchambua, akichambua, hadi haukubaki mhogo.

Mambo hayakuishia hapo, na ninataka yajulikane. Katika siku zile tisa, watu wa Rugombo walikuwa wameanza kuhamishiwa kambi ya Musenyi, huko mkoani Rutana, mbali na mpaka wetu. Mtoto alikuwa mmoja wao. Kama simu ya yule mwanamke ingemfikia mama siku ileile, safari ingekuwa ya nauli ndogo. Sasa ilihitaji Msalaba Mwekundu, karatasi, ushahidi kwamba huyu ndiye mzazi, na kungoja. Alirudi baada ya majuma mengi, amerefuka, shati la shule limekuwa fupi mikononi. Majuma hayo ni gharama ya sifuri yangu. Sikuweza kumrudishia mama hata moja.

Nimeulizwa na wenzangu kama ni busara kuandika haya, maana watu wataacha kutuamini. Ninaona ni kinyume. Nyinyi mnaotuletea majina ya watoto wenu mna haki ya kujua tunavyoyashika. Na vijana wetu wanaotengeneza orodha za hema, za jetoni za chakula, za wagonjwa na za wanafunzi, wajue kwamba programu yaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi na bado ikampoteza mtu. Kabla hujaendesha hesabu, jiulize: namba hii mtu ataondoka nayo? Ataiandika kiganjani, atampa jirani, atavuka nayo mto? Kama jibu ni ndiyo, basi ile namba si yako tena. Usianze kutoka sifuri.

Sasa tangazo kwa kila msikilizaji, ndani na ng'ambo ya Ruzizi.

Kama una namba iliyotangazwa juma la kwanza, hiyo ni sahihi, ibaki nayo. Kama uliandika namba yako juma la pili, na ni 12 au zaidi, uje au utume mtu tukupe namba halisi kwenye jedwali. Usione aibu kuuliza. Ukimsikia mtoto wako amebadilishwa redioni, njoo siku ileile, hata usiku. Na ukimwona mtoto aliye peke yake, usimpeleke kwa mtu kwa sababu ya namba tu. Mpeleke kwa Msalaba Mwekundu au kwa shefu, na ukipiga simu kwetu, pamoja na namba useme kama ni wa kiume au wa kike na umri wake. Sisi nasi tumeamriwa kuuliza hivyo kabla ya kumpigia mzazi yeyote.

Namba 47 imeandikwa: Wameonana.

Namba 50 bado iko wazi. Ni msichana wa miaka 11, wa Mutarule. Baba yake husikiliza kila jioni, na lile gauni la kitenge amelitundika ukutani. Ukiwa na habari, piga simu useme 50. Atapigiwa yeye, na si mtu mwingine.